Mrejesho: moyo kwenda mbio wakati wa upasuaji wa uzazi

Habari zenu wapendwa. Mwezi uliopita niliuliza kwa nini, mara tu mtoto wangu alipotolewa kwa upasuaji, moyo ulinienda mbio, kifua kikabana, nikaona giza. Nilihofia nina ugonjwa wa moyo.

Nimeenda hospitali. Kipimo cha umeme wa moyo na eko (picha ya moyo ya ultrasound), vyote viko sawa, alhamdulillah. Kisha mtaalamu wa usingizi akafungua faili langu akanionyesha kwa ncha ya kalamu: presha 118 kwa 70, mtoto katoka, oksitosini uniti 10 kwenye mshipa kwa mkupuo, halafu presha 78 kwa 40, mapigo ya moyo 132 kwa dakika. Dakika chache baadaye namba zikarudi.

Dawa hiyo hukaza mfuko wa uzazi damu isimwagike, lakini pia hulegeza mishipa ya damu. Presha inashuka, moyo unakimbia kufidia. Na ganzi ya mgongoni ilikuwa imeshaishusha presha. Ndiyo maana siku hizi hushauriwa kuanza na uniti 1 hadi 3, polepole, ndipo dripu ifuate.

Jamani, dawa yenyewe msiikatae! Kuvuja damu kunaua kina mama. Kilichoniumiza ni kwamba hakuna aliyenieleza. Miezi mitano nimeogopa hata kubeba ndoo ya maji.

Dada uliyenishauri niombe nakala ya faili, Mungu akubariki. Ninayo, na mimba ijayo nitaenda nayo.