Tupeane uzoefu: watu wa Mombasa tuliolala hema na gari kwenye milima ya kaskazini

Bui wa Makadara

Hamjambo wenzangu. Tangu turudi kutoka Marsabit naulizwa maswali yaleyale kwenye simu, basi nimeonelea niyalete hapa, na aliyewahi kulala hema au gari huko juu aongeze lake. Naomba yaliyokupata mwenyewe tu. Ya "nilisikia" tunayo tele.

Sisi tulikwenda Agosti na Hiace kuukuu, zamani ilikuwa matatu ya Likoni. Fundi wa Changamwe aling'oa viti vyote vya nyuma, akapiga kitanda cha mbao chenye makabati chini yake, na juu ya paa akafunga sola ya kuchajia simu na kuwashia taa. Mume wangu akaibatiza "jahazi". Mombasa hadi Nairobi ni kama kilomita 480, Nairobi hadi Isiolo 280 hivi, kisha Isiolo hadi Marsabit 260, lami mwanzo mwisho. Njia haikutusumbua. Usiku ndio uliotutoa jasho, na jasho lenyewe la baridi.

Tulipiga kambi karibu na Lango la Ahmed la mbuga ya Marsabit, lililopewa jina la yule ndovu ambaye Mzee Kenyatta alitoa amri alindwe, akafa 1974. Marsabit ni kitu cha ajabu: chini kote ni ukame mtupu, juu ni msitu na ukungu. Sasa mie mtoto wa pwani nimelelewa nikiambiwa upepo wa usiku unaleta kifua. Nikafunga madirisha yote, hata tundu la hewa la paani nikaliziba kwa leso. Ndani tuko wanne.

Alfajiri nahisi tone usoni. Halafu jingine. Nikamwamsha mume wangu, nikamwambia paa limetoboka, mvua inatuingilia. Akatoka na tochi, hakuna mvua. Kumbe ni pumzi zetu wenyewe! Zimepanda usiku kucha, zimekutana na bati la baridi, zimegeuka maji na sasa zinaturudia. Ukuta wote unatiririka. Godoro upande ule limelowa kama la mtoto mchanga.

Usiku wa pili tukaacha madirisha mawili yanayotazamana wazi, upana wa vidole viwili, tukayatandia wavu wa mbu, tukalala na kofia na soksi. Baridi ilikuwepo lakini ilikuwa kavu. Baridi kavu inavumilika.

Haya, semeni.

Baba Saumu wa Kisauni

Bui, wewe ulikuwa na godoro, shukuru. Mie nilipanda Ololokwe na vijana wangu wawili na hema la mitumba la Kongowea. Ololokwe ni ule mlima wa Samburu uliokatwa kichwa ukawa bapa kama meza, uko kando ya barabara ukishapita Archer's Post. Unalipia kwa jamii ya pale chini, unapewa kijana wa kukuongoza, mnapanda asubuhi kabla jua halijakasirika. Maji beba yako. Sisi tulibeba lita tano kila mtu, na yule kijana wangu mdogo alinuna njia nzima, lakini saa kumi jioni hakuna aliyemcheka mwenzake.

Kosa langu lilikuwa la kutandika. Nilichukua mablanketi matatu, yote nikayaweka juu yetu. Chini kuna kitambaa cha hema tu, kisha jiwe. Saa nane usiku mgongo umekuwa wa samaki wa barafu huku kifua kinatoka jasho! Yule kijana Msamburu alikuwa kajilaza karibu na moto na shuka yake moja. Akaniuliza mbona tumelala "juu ya mlima". Sikumwelewa. Akaenda akakata majani, akayatandaza unene wa shubiri, akatuambia sasa rudini. Blanketi moja likaenda chini pamoja na mkeka wa miyaa tuliokuwa tukilia chakula. Tukalala mpaka jua.

Mambo mawili mengine haraka haraka. Vigingi haviingii kwenye mwamba, kwa hiyo hema lifunge kwenye mawe makubwa. Na ukiamka nenda ukingoni taratibu uwatazame tumbusi. Viota vyao viko kwenye jabali, kwa hiyo wanaruka chini yako, unawaona migongo.

Tangawizi

Mie niliumbuliwa na mbaazi.

Tulikuwa wanawake watano wa Mji wa Kale, tumekwenda Mlima Kenya kwa lango la Sirimon, hatukuwa na nia ya kilele, tulitaka tufike kambi ya Old Moses tu, tupige hema tuone nyota. Pale ni mita 3,300. Mpishi mimi. Nikasema siwezi kula mikate ya dukani siku mbili, nikabeba mbaazi kavu, nazi ya unga, na mahamri ya kutoka nyumbani. Mbaazi nikaziroweka toka asubuhi.

Saa moja usiku nimeziweka kwenye gesi, maji yanachemka kwelikweli, yanarukaruka. Saa tatu naonja, changarawe. Saa nne, changarawe. Wenzangu wameshakula mahamri makavu na chai wameingia kulala, mie nimeinamia sufuria kama niliyerogwa. Mwongozaji ndiye aliyenifungua macho: kule juu hewa ni nyepesi, maji yanachemka yakiwa hayajapata moto wa kutosha. Huku kwetu ufuoni yanachemka kwa nyuzi 100, pale ni kama 89. Unaweza kuyachemsha hadi asubuhi, hayapandi zaidi ya hapo. Nikazima gesi saa tano, mtungi umekaribia kwisha.

Siku hizi mbaazi napika nyumbani mpaka ziive kabisa, nazifunga, kule ni kupasha tu. Au chukua sufuria ya presha kama una nguvu za kuibeba.

Nahodha Mstaafu

Nitasema hili kwa ufupi kwa sababu bado silipendi. Maralal, mwaka juzi, tuko ndani ya gari la kulala: mimi, mke wangu na mjukuu wa miaka saba. Maralal ni juu, baridi yake inauma. Tulikuwa tumechoma nyama kwa jiko la makaa, makaa yamebaki mekundu mazuri, hayana moshi hata chembe. Nikaliingiza jiko ndani, nikafunga mlango.

Mjukuu akaanza kulalamika kichwa. Nikamwambia ni safari. Akatapika, tukasema nyama. Mimi mwenyewe kichwa kizito, nikasema uzee. Kilichotuokoa ni haja ndogo. Niliinuka kwenda nje, miguu ikakataa, nikaanguka juu ya mlango na mlango ukafunguka. Hewa baridi ilipoingia ndipo nikaelewa. Niliwatoa mmoja mmoja, nikawalaza kwenye nyasi. Hospitali walimwekea mtoto oksijeni mpaka adhuhuri.

Hewa ya sumu inayotoka kwenye makaa haina rangi wala harufu, na makaa yasiyo na moshi ndiyo yanayokudanganya. Jiko lisiingie ndani ya gari wala hema, hata kama ni la dakika tano za kukausha soksi.

Bui wa Makadara

Nahodha, pole sana baba. Nimesoma nikashika kichwa. Sisi jiko tulikuwa nalo, na wazo hilo lilinipitia usiku ule wa kwanza.

Kijana wa Tudor

Na usalama? Mama yangu akisikia kaskazini anasoma dua.

Baba Saumu wa Kisauni

Mwache asome, inasaidia. Sisi hatuendeshi baada ya magharibi, na kambi ni pale penye wenyewe: ya KWS (shirika la wanyamapori), ya jamii, au uwanja wa misheni ukiomba vizuri. Kila mji tunauliza polisi na madereva wa malori njia ya mbele ikoje wiki hii. Baragoi kwa mfano, kuna wakati tuliambiwa tugeuze, tukageuza. Na malipo ya KWS ni kwa eCitizen, tovuti ya serikali, yamalize ukiwa na mtandao.

Mkoma

Loiyangalani hamjafika? Upepo unateremka Mlima Kulal usiku kwenda Ziwa Turkana, haukohoi, unasukuma tu mpaka asubuhi. Si bure wamesimamisha mitambo 365 ya umeme wa upepo upande ule. Nguzo za hema langu zilivunjika mbili saa sita usiku. Nikaliangusha lote, nikalala ndani yake limenifunika kama gunia, nyuma ya mikoma. Mikoma ileile ya miyaa tunayosukia mikeka kwetu! Nilipoishika ule ujani nikajihisi niko Mtwapa.

Tangawizi

Desemba tunarudi Sirimon. Nani ana sufuria ya presha ya kuazima?

Nahodha Mstaafu

Ninayo. Njoo uichukue Ganjoni, ila mbaazi unionjeshe kabla hujaondoka.