Tupeane uzoefu: Unaombwa ubaki na mtoto mwenye ugonjwa wa kuambukiza. Unakubali au unakataa?

MkaziWaUyole
Kamwene wakuu. Kipupwe kimeshika, madirisha ya Mbeya yanafungwa mapema, watoto wamebanana chumba kimoja kuota joto, na maombi ya msimu yameanza: "Jirani, nishikie huyu mpaka saa tisa, ana vipele kidogo tu ila anacheza." Anayeomba ana haki yake, biashara yake iko Mwanjelwa na asipokwenda leo jioni hakuna unga. Anayeombwa naye ana haki yake. Tuwekeane vitu vya kutumia: ugonjwa gani, siku ya ngapi, nani yuko ndani ya nyumba, unamtunzaje. Visa vya "mwanangu aliwahi kuugua" tuviache, vimejaa kila mahali.

NesiKihesa
Ulizeni kwa simu, msisubiri mtoto afike mlangoni akiwa mgongoni, maana hapo kukataa ni kugumu. Homa au vipele vilianza lini? Jibu la "juzijuzi" halitoshi, ataje siku. Nani amesema ni tetekuwanga, zahanati au bibi wa jirani? (Bibi mara nyingi hupatia, ila surua humponyoka.) Kadi ya kliniki inaonyesha chanjo zipi? Amekunywa dawa gani na saa ngapi?

Halafu jiulize na wewe: nyumbani kwangu kuna nani? Hapo ndipo uamuzi ulipo. Mtoto yuleyule mwenye tetekuwanga anaweza kulala kwako salama kama wote mliwahi kuugua, na asikanyage kwa jirani mwenye mimba ambaye hajawahi kuugua.

Tetekuwanga inaambukiza kuanzia siku moja au mbili kabla vipele havijatoka, hadi malengelenge yote yamekauka na kuwa magamba, kwa kawaida siku ya tano au zaidi kidogo. Neno ni "yote". Watu huangalia usoni wakaona pamekauka, kumbe kichwani ndani ya nywele, kwapani na sehemu za siri kuna mapya yenye maji. Mvue nguo, mkague kwenye mwanga wa dirisha. Lengelenge bichi linang'aa na limejaa maji. Lililokufa lina gamba gumu la kahawia. Ukiona hata moja linang'aa, bado.

Asiyewahi kuugua akikaa nyumba moja na mgonjwa, karibu 9 kati ya 10 huambukizwa. Kwa hiyo "nitamweka kona yake" ni kujidanganya. Uamuzi wa kumpokea ni uamuzi wa kukubali kwamba watoto wako ambao hawajaugua wataugua.

Wajawazito: tetekuwanga inaweza kumletea mama nimonia mbaya, na ikimpata katika siku tano kabla ya kujifungua hadi siku mbili baada yake, kichanga yuko hatarini kweli. Mjamzito ambaye hajawahi kuugua na amekaa chumba kimoja na mgonjwa aende hospitali siku hiyohiyo, asisubiri vipele.

Bajaji_Soweto
Na mzee mwenye mkanda wa jeshi? Wanasema ni kitu kimoja.

NesiKihesa
Kirusi ni kilekile. Majimaji ya malengelenge ya mkanda wa jeshi yanaweza kumpa mtoto tetekuwanga kama hajawahi kuugua. Yakifunikwa kwa nguo hatari inapungua sana. Mzee asimbebe kichanga kwenye upande wenye vidonda mpaka vikauke.

MamaMapacha_Njombe
Dada nesi, tutofautishie na surua. Huku kila kipele kinaitwa tetekuwanga.

NesiKihesa
Surua hutangulia na homa kali, mafua, kikohozi na macho mekundu yanayokwepa mwanga, siku tatu nne hivi. Ndipo vipele vinaanza nyuma ya masikio na kwenye mstari wa nywele, vinashuka usoni, kifuani, hadi miguuni. Havina maji. Kwenye ngozi nyeusi wekundu wake hauonekani vizuri, basi pitisha kiganja: ngozi inakwaruza. Tetekuwanga hutoka kwa mafungu, ndiyo maana mwili mmoja una vipele vipya, malengelenge na magamba kwa wakati mmoja.

Kwa surua jibu langu ni hapana kama una mtoto asiye na chanjo zote mbili. Zinatolewa miezi 9 na miezi 18, na ile ya pili ndiyo inayosahaulika, mama anadhani kliniki imeisha. Surua inaambukiza siku nne kabla ya vipele hadi siku nne baada, na kirusi hubaki hewani hadi saa mbili baada ya mgonjwa kutoka chumbani. Asiye na chanjo akikutana na mgonjwa, akichanjwa ndani ya saa 72 anaweza kukingwa. Kimbia kliniki, usikae kusubiri uone. Na mtoto unayemshuku ana surua, zahanati lazima ijue, kwa sababu wanaofuatilia mlipuko wanaanzia hapo.

DukaLaDawa_Ilomba
Naongezea upande wa dawa, maana anayebaki na mtoto ndiye anayekosea dozi, si mama.

Paracetamol ni miligramu 10 hadi 15 kwa kila kilo ya mtoto, kila baada ya saa 4 hadi 6, isizidi mara nne kwa siku. Mtoto wa kilo 10 anahitaji miligramu 100 hadi 150. Sasa soma chupa. Ikiandikwa 120 mg kwa 5 ml, mpe 5 ml. Lakini zipo chupa za 250 mg kwa 5 ml. Kijiko kilekile kwenye hiyo kimeshapitiliza. Na vijiko vya chai vya nyumbani havilingani, chukua sirinji isiyo na sindano, ni bei ndogo sana.

Kosa la pili ni dawa ya mafua. Nyingi zina paracetamol ndani. Mama amempa ya mafua saa moja asubuhi, wewe unampa ya homa saa mbili, tayari ni dozi mbili. Mtoto aje na karatasi: jina la dawa, kiasi, saa. Na wewe uandike hapohapo, asikuambie mtu utakumbuka.

Aspirini usimpe mtoto kabisa, hasa mwenye tetekuwanga au mafua makali. Inaweza kuleta ugonjwa mbaya wa ini na ubongo. Ibuprofen kwenye tetekuwanga nayo iache. Muwasho: kalamaini, tikisa chupa kwanza, pakaa kwa pamba, mbali na macho na mdomo. Kucha zikatwe fupi. Aoge maji ya vuguvugu kila siku na akaushwe kwa kugusagusa taulo, si kusugua. Huu uzushi wa kutomwogesha mpaka apone ndio unaoleta usaha. Na msije kuniomba amoksisilini ya tetekuwanga, haigusi virusi. Inahitajika kama vidonda vimeingia bakteria: ngozi inayozunguka imevimba, ina joto, ina usaha, au homa iliyokwisha shuka imerudi. Huyo anakwenda kituo cha afya.

MleziMafinga
Mimi nipo kwenye malezi ya watoto mchana, niseme kuhusu kuhara, ambako kunatusumbua kuliko hata vipele.

Kanuni yetu: mtoto anarudi kituoni saa 48 baada ya kuhara au kutapika kwa mwisho. Unayeachiwa nyumbani unaweza kulegeza, ila ujue kazi yenyewe. Vitakasa mikono havina nguvu dhidi ya virusi vingi vya kuhara, sabuni na maji yanayotiririka ndiyo dawa. Anayebadilisha nepi asiwe anayepika siku hiyo. Kama uko peke yako, pika kwanza, funika, ndipo mtoto aje. Kinyesi kiende chooni, nepi isitupwe jalalani wazi. Palipochafuka futa kwanza kwa sabuni, halafu jiki: ile ya asilimia 3.5, sehemu moja kwa maji sehemu sita. Ukimwaga jiki juu ya uchafu bila kufuta, umepoteza jiki.

ORS pakiti moja kwa lita moja ya maji yaliyochemshwa na kupoa. Msipunguze maji "iwe kali", chumvi ikizidi inamdhuru. Ikipita saa 24 mwaga. Aliye chini ya miaka miwili, ml 50 hadi 100 kila anapohara, mkubwa zaidi 100 hadi 200. Akitapika subiri dakika 10, endelea kijiko kimoja kimoja. Huku kwenye baridi watoto wanaikataa kwa sababu ni ya baridi. Weka kikombe ndani ya bakuli la maji ya moto ipate uvuguvugu, atakunywa. Zinki ni siku 10 hadi 14, miligramu 20 kwa siku, au 10 kwa chini ya miezi sita, hata kama kuhara kumekoma. Kwa hiyo mtoto aje na vidonge vyake.

Bajaji_Soweto
Macho mekundu je?

NesiKihesa
Yale ya mlipuko wa mwanzoni mwa 2024 yalikuwa ya virusi, na virusi huisha vyenyewe wiki moja mbili. Unaweza kubaki naye kama ana taulo lake na mto wake, na wewe unanawa kila ukimfuta. Pamba moja kwa jicho moja, kutoka puani kwenda nje, kisha itupwe. Maziwa ya mama, mkojo na majani ya chai jichoni, hapana. Kichanga chini ya mwezi mmoja mwenye macho ya usaha ni hospitali leo.

MamaMapacha_Njombe
Mmesahau upele, ule unaowasha usiku katikati ya vidole. Huku kwetu watoto wanne wanalala blanketi moja, ukimpokea mmoja umepokea wote. Krimu ya permethrin ya asilimia 5 hupakwa shingoni hadi vidoleni, inakaa saa 8 hadi 14, inarudiwa baada ya wiki, na nyumba nzima siku moja. Wakipaka mmoja mmoja wanarudishiana tu. Baada ya usiku wa kwanza wa dawa mtoto anaweza kuja kwako. Muwasho utaendelea hata wiki mbili tatu, usidhani dawa imegoma. Blanketi zito la Njombe ukilifua mwezi wa saba halikauki. Lifunge ndani ya mfuko wa plastiki usiopitisha hewa, angalau siku tatu, wiki ni bora. Wadudu wake hawaishi muda mrefu nje ya mwili.

MkaziWaUyole
Kuna la kukataa. Tunakataaje bila kuvunja ujirani?

Shangazi_Ipogolo
Sema "leo siwezi, mwanangu", basi. Usidaiwe maelezo, na anayeomba asidai. Mkoa wa Njombe ndio ulioongoza kwa maambukizi ya VVU katika utafiti wa kitaifa wa 2022/23, asilimia 12.7 ya watu wazima, na sisi Iringa na Mbeya si mbali. Kwenye nyumba zetu kuna watu ambao kinga yao bado haijapanda, kuna walio kwenye dawa za saratani, kuna mimba changa ambayo haijatangazwa hata kwa wifi. Kumshinikiza mtu aseme kwa nini hapokei mtoto wa surua ni kumlazimisha atoe siri ambayo si yako.

Ila unayekataa, saidia kwa njia nyingine. Mpelekee bidhaa zake sokoni, mchotee maji, mpikie uji uuache mlangoni. Au uende wewe ukabaki na mtoto kwao kama wewe binafsi una kinga, watoto wako wabaki nyumbani. Hii watu hawaifikirii, nayo ndiyo njia nzuri kuliko zote kwa tetekuwanga.

Bajaji_Soweto
Shangazi umenena. Na wale wanaoogopa hata mtoto wa malaria?

NesiKihesa
Malaria haitoki kwa mtoto kwenda kwa mtoto. Aliyetoka Kyela au Usangu na malaria, mpokee, mpe dawa kwa saa zake. Masikio, degedege la homa, vivyo hivyo. Mtoto mwenye VVU hakuambukizi kwa kula, kucheza wala kulala naye. Mtoto mdogo mwenye TB mara nyingi si yeye anayeisambaza. Ulizia mtu mzima anayekohoa nyumbani kwao.

Ukishakubali, dai vitu vinne: kadi, nauli ya bajaji, simu isiyozimwa, na ruhusa ya wazi ya kumpeleka hospitali. Chumba kiwe na dirisha wazi mchana, hata kama ni Julai. Jiko la mkaa litoke nje. Chumba kilichofungwa chenye mkaa kinaua kwa hewa ya sumu kabla tetekuwanga haijafanya lolote. Usisubiri mama arudi kama hanywi wala hanyonyi, anatapika kila kitu, amepata degedege, amelegea, au mbavu zinaingia ndani akivuta hewa. Hesabu pumzi dakika nzima akiwa ametulia: 50 au zaidi kwa wa miezi 2 hadi 11, 40 au zaidi kwa wa mwaka mmoja hadi mitano, ni kituo cha afya. Chini ya miezi miwili, homa yoyote.

MkaziWaUyole
Na hili la "waache waambukizane wote wamalize mara moja"?

NesiKihesa
Hapana. Huchagui nani ataugua kidogo na nani atalazwa, na huwezi kujua wataibeba hadi kwa nani. Andika tarehe tu. Wakikutana na mgonjwa tarehe 1 Julai, vipele vitatoka kati ya tarehe 11 na 22. Kwa kuwa huambukiza kabla ya vipele, kuanzia tarehe 9 hadi 22 msiwapeleke kumwona mama aliyejifungua wala kichanga, hata wakiwa wazima kabisa.