Tupeane uzoefu: gari ulilonunua mkononi lilikuwa linabugia mafuta, uligundua nini?

Mwanzisha mada (Dar es Salaam)

Ndugu zangu, nianze kwa kukiri kwamba nilitumia miezi mitano, na fedha ambazo sipendi kuzijumlisha, kabla sijajua gari langu lilikuwa na ugonjwa gani. Ni Toyota Vitz ya mwaka 2007 yenye injini ya lita 1.3, niliyoinunua kwa mtu aliyekuwa anahamia mkoani, na kwa udogo wake nilitarajia safari zangu za Tegeta hadi Posta zitakuwa nafuu. Nikajikuta napita kituo cha mafuta kila baada ya siku tatu kama mtu anayedaiwa pale.

Fundi wa kwanza alisema ni plagi, tukabadilisha zote nne. Wa pili akasema ni nozeli, zikafunguliwa na kuoshwa. Wa tatu alichomeka mashine yake, akaitazama kwa muda, akasema ni sensa ya oksijeni, ile inayopima hewa ya eksozi, nami nikaenda kwenye vipuri vya mtaa wa Gerezani nikanunua iliyotolewa kwenye gari jingine. Kila mmoja aliniahidi kwamba nitaona mabadiliko, na kwa kuwa nilikuwa nimeshalipa, kwa siku mbili tatu kweli niliyaona.

Aliyenizindua ni binamu yangu ambaye ni dereva wa masafa. Aliniuliza gari linakula kiasi gani, nikamjibu kwamba linakula sana, akacheka na kuniambia kwamba "sana" haigawanyiki kwa lita. Basi nikajaza tenki mpaka pampu ikajikata yenyewe, nikarudisha hesabu ya safari kwenye sifuri, nikaendesha kama kawaida wiki nzima, kisha nikarudi kituo kilekile, kwenye pampu ileile, nikajaza tena mpaka ikajikata. Nilikuwa nimetembea kilomita 268 na tenki likapokea lita 31.2, yaani kilomita 8.6 kwa lita moja. Nilirudia mara mbili nikapata 8.4 na 8.7. Hapo ndipo nilipokuwa na kitu cha kumwonyesha fundi.

Dalili yenyewe niliiona kwa bahati. Gari hili halina mshale wa joto la maji. Lina taa ndogo ya buluu inayowaka injini ikiwa ya baridi na kuzimika ikishapata moto. Nilikuwa natoka Morogoro usiku wa mvua, nimepita Chalinze kwa mwendo mzuri, nikaiona taa ya buluu imewaka tena. Injini iliyotembea saa nzima ilikuwa inajiona imeamshwa sasa hivi. Kesho yake niliazima kifaa kidogo kinachochomekwa chini ya usukani na kusoma kompyuta ya gari kupitia simu, nikaona joto la maji linacheza kwenye nyuzi 59 hadi 63 nikiwa barabarani, wakati injini kama hii ilitakiwa kuzidi 80. Fundi wa nne alifungua mahali pa themostati, ile vali inayozuia maji yasiende kwenye rejeta mpaka injini ipate moto, akaingiza kidole, akakitoa kikiwa na tope la rangi ya kutu, akasema, "Humu hamna kitu, kaka." Mwenye gari wa kwanza alikuwa ameiondoa.

Bila themostati maji huzunguka kwenye rejeta muda wote, injini haifikii joto lake, na kompyuta, ikidhani bado ni asubuhi, huendelea kuongeza petroli. Taa ya injini kwenye dashibodi haikuwaka hata siku moja. Baada ya kufunga themostati mpya nilipima kwa njia ileile na kupata kilomita 12.1 kwa lita kwenye foleni zilezile za Mwenge.

Nawaomba na ninyi mtueleze mlivyopima, mlichokikuta, na namba za kabla na baada. Atakayeandika "badilisha plagi" bila namba, nitamwomba arudi akapime.

Mchangiaji (Arusha)

Nashukuru kwa mada hii, kwa sababu mimi niliambiwa kwamba mguu wangu ndio mzito. "Mama, unakanyaga sana," fundi aliniambia mbele ya watu, nami nikaanza kuendesha kama nimebeba mayai. Haikusaidia kitu. Gari lilikuwa zito kuondoka, na nikiachia mafuta kwenye mteremko mdogo lilipungua mwendo mapema kuliko la mume wangu ambalo ni kubwa zaidi.

Siku moja nilitoka Moshi, nikasimama Usa River kununua ndizi. Nilipopita mbele ya gari nilisikia harufu kama ya nguo iliyosahaulika chini ya pasi. Nilisogeza kiganja karibu na ringi ya mbele kulia, ilikuwa ya uvuguvugu. Ya mbele kushoto sikuweza hata kuikaribia, na ringi yenyewe ilikuwa imejaa vumbi jeusi la pedi upande huo tu. Gari lilipopandishwa jeki, tairi la kulia lilizunguka kwa kusukumwa na kidole, la kushoto likagoma. Pini za kalipa, kile kifaa kinachobana pedi za breki, zilikuwa zimekauka na kushika kutu, kwa hiyo pedi haikurudi nyuma baada ya kuachia breki. Zilisafishwa, zikapakwa grisi inayohimili joto, pedi zikabadilishwa pande zote mbili. Nilitoka kilomita 9.3 nikafika 11.4 kwa lita. Upime ringi zote nne kwa kiganja kabla hujafungua boneti, ila usikiguse chuma chenyewe, kwa maana kidole changu kimoja bado kina alama.

Mchangiaji (Nairobi)

Kosa langu halikuwa kwenye gari, lilikuwa kwenye daftari. Nina Probox ya biashara, na nilikuwa napima kwa shilingi: nikiweka elfu mbili naenda siku ngapi. Hapa Kenya EPRA, mamlaka inayodhibiti bei za mafuta, hutangaza bei mpya tarehe 14 ya kila mwezi, kwa hiyo elfu mbili ya mwezi huu si lita zilezile za mwezi uliopita, na mimi nilikuwa namlaumu makanika kwa jambo lililoamuliwa ofisini. Nilipohamia kwenye lita nikaona kwamba gari lilikuwa limebaki palepale mwaka mzima.

Hata hivyo nilijaribu jambo moja likazaa matunda. Keria ya juu ilikuwa imefungwa tangu siku niliponunua gari, ingawa naitumia labda mara mbili kwa mwezi. Niliishusha, nikaenda Nakuru na kurudi na mzigo uleule wa kawaida, nikapata 14.6 badala ya 13.3. Mjini haikuleta tofauti yoyote ninayoweza kuapa kwayo. Upepo hudai malipo kwenye mwendo wa kasi.

Mchangiaji (Dodoma)

Kwa ufupi. Kibandiko cha mlangoni kilisema tairi 185/65R15, lakini gari lilikuja limefungwa 205/65R15, nami nikaona limependeza. Tairi hilo ni kubwa kwa takriban asilimia 4 kwa mzunguko, maana yake nikitembea kilomita 100 za kweli odomita inaandika 96. Sehemu ya "ulaji" wangu ilikuwa hesabu tu. Hata baada ya kurekebisha hesabu bado nilikuwa napoteza, kwa sababu tairi lilikuwa pana na zito, na upepo ulikuwa PSI 24 mahali panapotakiwa 32. Nilirudi kwenye saizi ya mlangoni.

Mchangiaji, fundi (Morogoro)

Nimesoma kwa makini na nina mambo ya kuwaongezea, kwa ruhusa yenu, maana mafundi tumesemwa sana humu.

Kwanza, ndugu mwanzisha mada, fundi wa tatu huenda hakukosea kabisa. Sensa ya oksijeni huchoka, na ikichoka kompyuta hulisha petroli kwa kukisia. Shida ni kubadilisha sensa kabla ya kuitazama inavyofanya kazi. Ile ya mbele, kwenye magari mengi ya umri huo, hutakiwa kupanda na kushuka haraka kati ya takriban volti 0.1 na 0.9 injini ikiwa ya moto. Ikiganda mahali pamoja, mtafute aliyeigandisha. Nimewahi kuletewa gari lililobadilishiwa sensa mbili ndani ya mwaka, kumbe eksozi ilikuwa na ufa mdogo kabla ya sensa. Hewa ya nje iliingia pale, sensa ikasema mchanganyiko una hewa nyingi, kompyuta ikaongeza petroli, na kadiri sensa ilivyokuwa mpya ndivyo ilivyousema uongo huo vizuri zaidi. Mashine ilisoma kosa la sensa, nayo ilisema kweli, ila kosa halikuwa la sensa. Tuliziba ufa kwa kuchomelea.

Pili, nawaomba msikimbilie kurudisha themostati bila kujua kwa nini ilitolewa. Kwa kawaida hutolewa kwa sababu gari lilichemka. Lilichemka kwa sababu rejeta imeziba, na rejeta imeziba kwa sababu kwa miaka mingi lilinyweshwa maji ya bomba mahali pa kulanti, yale maji maalumu ya kupooza injini. Kutoa themostati huficha ugonjwa huo. Ukiirudisha kwenye rejeta iliyoziba, gari litachemka barabarani, na gasketi ya silinda hedi ikiungua hutakumbuka tena habari ya mafuta. Usikubali pia ile hoja kwamba nchi yetu ni ya joto kwa hiyo haihitajiki, kwa sababu joto la Dar es Salaam la nyuzi 33 bado liko mbali sana na 80.

Mwanzisha mada

Ndugu fundi, umeninyoosha. Sikuandika kwamba fundi wa nne alikataa kufunga themostati mpaka rejeta ishushwe na kusafishwa, nami siku ile nilidhani ananiongezea bili. Maji yaliyotoka yalikuwa na rangi ya chai ya maziwa. Tulisuuza mpaka yakatoka meupe, tukaweka kulanti, na feni ikajaribiwa kwenye foleni kabla hajaniruhusu kuondoka.

Mchangiaji (Mbeya)

Yangu ni pikapu ya dizeli, na dizeli husema yenyewe kwa moshi. Nikipanda mlima na mzigo, waliokuwa nyuma yangu hawakuiona barabara. Niliambiwa ni nozeli na pampu, matengenezo ambayo bei yake inatosha kununua ng'ombe wawili. Kabla sijakubali, mzee mmoja wa gereji alimwambia kijana akanyage mafuta, yeye akapitisha mkono chini ya hosi inayotoka kwenye tabo, ile feni inayosukuma hewa kwenye injini. Ilikuwa na mpasuko upande wa chini usioonekana kwa macho, unaofunguka pale tu presha inapopanda. Dizeli ilikuwa inaingia kwa kipimo cha hewa ambayo haikufika. Hosi na klempu mbili zilimaliza kazi, moshi ukatoweka siku hiyohiyo. Namba za kabla sikuwa nazo, kwa hiyo nakubali adhabu.

Mchangiaji (Mombasa)

Mimi nilikuwa na teksi yenye ulaji wa ajabu siku za Jumatano na Jumamosi. Siku nyingine ilikuwa gari la kupigiwa mfano. Nilibadilisha ea klina, plagi na mafuta ya giaboksi, kisha nikabadilisha dereva, na gari likapona.

Mchangiaji (Dar es Salaam)

Naomba kusema kisa ambacho hakina dawa. Nina Noah ya lita 2.0, na mjini inanipa kilomita 6.9 kwa lita, namba iliyonifanya nizunguke gereji sita. Halafu nilipima safari ya Morogoro, kwenda na kurudi, nikapata 11.2. Joto la maji ni 88, ringi zote zina uvuguvugu sawa, upepo uko sawa, silensa, yaani mzunguko wa injini gari likiwa limesimama, haipandi wala kuyumba. Gari ni zima. Nilipokaa na saa mkononi niliona kwamba kutoka Mbagala hadi Kariakoo asubuhi, katika dakika 95, nilikuwa nimesimama dakika 41 huku kiyoyozi kinafanya kazi, na injini ya ukubwa huo ikisimama hivyo inaweza kumaliza karibu lita moja kwa saa. Namba wanazotupa Wajapani kwenye matangazo ya mauzo zimetokana na vipimo vya maabara, na maabara haina Mbagala.

Mwanzisha mada

Ndugu wa Noah, kisa chako kimenifanya nipime na mimi safari ndefu peke yake, jambo ambalo sikuwahi kulifanya. Jumamosi nilijaza tenki Kimara, nikaenda Morogoro na kurudi, kilomita 388, nikajaza palepale lita 24.1. Ni kilomita 16.1 kwa lita, na taa ya buluu haikurudi. Wakati huohuo nilipitisha kiganja kwenye ringi kama dada wa Arusha alivyosema, na ya nyuma kulia ina moto kidogo kuliko ya kushoto. Jumatatu linapandishwa jeki, nitawaletea namba.