Mtaalamu wa usemi na mwalimu wa kitengo hapa Dodoma: niangalie nini kabla ya kulipa?

MamaK_Nzuguni

Habari za jioni wadau. Mtoto wa kiume, miaka 4 na miezi 2, maneno anayotumia mwenyewe hayazidi 15. Ukimuuliza "Unataka maji?" anakujibu "Unataka maji?" vilevile, na anatamka vizuri tu. Akitaka kitu anakuvuta mkono mpaka kilipo. Bibi anaongea naye Kigogo, sisi wengine Kiswahili.

Kuna sehemu wanasema wana tiba ya usemi mara 3 kwa wiki, unalipa miezi mitatu kwa mkupuo, "ikiisha ataongea". Mazoezi waliyotuonyesha ni kupuliza maputo, kupuliza filimbi na kusugua ulimi. Na kuna shule ya msingi ya serikali yenye kitengo cha elimu maalumu, ila mwalimu wa kitengo ni mmoja. Bibi naye anasema tukate kimeo kwanza. Nitamjuaje mtaalamu wa kweli, na mwalimu nimpime kwa lipi?

TibaUsemi_Kati

Dada, hela iache mfukoni kwanza. Masikio yamepimwa? Simaanishi kupiga makofi nyuma ya kisogo. Mtoto anaweza kugeuka mlango ukibamizwa na bado asisikie *s*, *f* na *sh*, maana mlango una kishindo kizito na hizo sauti ni nyembamba na hafifu. Mafua ya mara kwa mara yanaweza kuacha majimaji nyuma ya kiwambo cha sikio, na hayo yanatibika. Anzia kliniki ya masikio, pua na koo, Hospitali ya Benjamin Mkapa kwa mfano. Waambie mapema kwamba hatakubali kuvaa hedifoni na kunyoosha mkono kila akisikia mlio. Kuna vipimo visivyomtaka mtoto ajibu: kimoja ni kidude kinachoingizwa sikioni kusoma mwangwi wa sikio la ndani, kingine ni nyaya zinazobandikwa kichwani akiwa amelala. Ukikosa cha pili, omba rufaa.

Kimeo hakihusiki. Ni kinyama kinachoning'inia kooni, na kukikata mtaani ni kukaribisha kutokwa damu na maambukizi. Watu wanakichanganya na ulimi ulioshikwa kwa chini, ambao unaweza kusumbua kunyonya na kuharibu sauti chache, lakini haumnyimi mtoto maneno.

Sasa maputo. Umesema mwenyewe kwamba anatamka "Unataka maji?" vizuri. Hapo ameshatoa *n*, *t*, *k*, *m* na *j* kwa mpangilio. Midomo na ulimi vinafanya kazi. Kinachomshinda ni kuitumia lugha kumfikia mtu. Kupuliza filimbi kunamfanya awe hodari wa kupuliza filimbi, basi. Hata kwa watoto wenye shida ya matamshi, sauti hufundishwa kwa kutamka sauti. Na anayeahidi tarehe ya mtoto kuongea kabla hajampima, mwache na maputo yake.

Mtaalamu unamjua kwa kikao cha kwanza. Hakimbilii kufundisha. Atauliza mimba na kujifungua vilikuwaje, kama alipata degedege, anakulaje, anakohoa au kupaliwa akinywa, na kama aliwahi kuwa na maneno yakapotea (hili la mwisho asipouliza, liseme wewe). Kisha atakaa chini na mtoto na kuhesabu: ameomba mara ngapi, kwa njia gani, ameelewa maelekezo mangapi bila kuonyeshwa kwa kidole. Akikuletea jaribio la Uingereza au Marekani lililotafsiriwa na kukuambia "umri wake wa lugha ni miaka 2 na miezi 3", muulize limepimiwa watoto wa wapi. Kiswahili hakihesabiki kama Kiingereza. "Amelala" ni neno moja, lakini ndani yake kuna nani na lini. Anayehesabu maneno tu atamwona mtoto wetu yuko nyuma kuliko alivyo.

Baada ya hapo dai malengo kwa maandishi. "Kuboresha mawasiliano" si lengo. Lengo ni hivi: "Ataomba kwa neno au kwa picha, bila kushikwa mkono, mara 8 kati ya 10, kwa watu wawili tofauti, ndani ya wiki 8." Hilo hata bibi anaweza kulikagua.

Vyeti uliza bila haya. Fani hii ina watu wachache sana nchini: wapo waliosomea Muhimbili, wapo waliosomea nje. Mtu wa tiba kwa vitendo au mwalimu wa viziwi anaweza kukusaidia sana, ili mradi aseme wazi alichosomea. Na wewe uwe ndani ya chumba. Mara moja kwa wiki, dakika 45, ukitoka na kazi ya nyumbani, inazidi mara tatu za kukaa nje ya mlango.

Kazi yenyewe hufanana na hii. Mimina uji kidogo kikombeni, mafunda mawili hivi. Ukiisha, inua kikombe usawa wa uso wako, nyamaza, hesabu moyoni hadi 10. Akikuvuta mkono, sema wewe kwa niaba yake: "Nataka uji." Mpe hapohapo, hata kama hajasema. Usimuulize "Unataka uji?", kwa sababu swali ndilo atakalorudisha. Rudia mara 5 au 6 kwa mlo mmoja, uache. Kosa kubwa ni "sema kwanza ndipo nikupe" mpaka analia. Hapo anachojifunza ni kwamba kuongea kuna mateso.

Mwl_Kitengo_DOM

Mtaalamu hapo juu kamaliza upande wake, ila la kumpa hapohapo nitalirudia.

Mwalimu wa kitengo muulize kwanza: ulisomea eneo gani? Aliyetoka Patandi au chuo kingine na elimu maalumu anaweza kuwa amebobea kwenye nukta nundu, viziwi, ulemavu wa akili au usonji. Fundi wa nukta nundu si lazima amjue mtoto wako. Kuwa peke yake si kosa lake, vitengo vingi viko hivyo. Uliza ana watoto wangapi na nani anabaki nao akimpeleka mmoja chooni.

Kisha omba kukaa darasani asubuhi moja, tangu kuingia mpaka saa ya uji. Mwalimu akikataa bila sababu, umeshajibiwa. Tazama ratiba ya picha ukutani: kama pembe za kadi zimechakaa na zina alama za vidole, inatumika. Kama zinang'aa, ni za wageni. Watoto wote wakinakili a-e-i-o-u kwa pamoja, yupo anayejua kusoma na yupo asiyeshika penseli, basi mpango binafsi wa kila mtoto haupo, hata kama faili lipo kabatini. Angalia geti linafungwa vipi (mtoto asiyeita anaweza kuondoka kimya), choo kiko umbali gani, na fimbo iko wapi. Mtoto asiyeelewa maelekezo akichapwa atajua shule inauma, maelekezo yatabaki palepale.

Uliza pia ni vipindi gani anachanganyika na darasa la kawaida. Michezo na sanaa ni pa kuanzia. Jibu likiwa "hakuna", hicho kitengo ni kijiji cha peke yake.

Taratibu: usiishie kwa mwalimu mkuu. Nenda na cheti cha kuzaliwa, karatasi ya masikio na barua ya daktari kwa afisa elimu maalumu wa halmashauri, uombe tathmini ya mtoto kabla ya kupangiwa shule. Ukiambiwa "huyu hatumuwezi", Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya 2010 inampa haki ya kusoma. Omba wakuandikie hilo jibu. Mara nyingi kalamu inakuwa nzito ghafla.

Sasa uji. Kumpa hapohapo bila neno sawa kwa wiki mbili za mwanzo. Ukiendelea hivyo, darasani anakuja kunivuta shati muhula mzima.

TibaUsemi_Kati

Mwalimu, tuko pamoja. Wiki ya tatu ongeza daraja moja: mpe akitazama uso, au akigusa picha ya kikombe, au akitoa sauti yoyote. Baadaye "uji", kisha "nataka uji". Unapanda ngazi moja moja, na uji haukatwi. Picha nazo zisiwatishe. Hazimfanyi mtoto mvivu wa kuongea.

Abiria_wa_Bajaji

Kuhusu malipo: lipia kwa mahudhurio, au mwezi mmoja usiozidi, na muandikiane nini kinatokea mtaalamu asipokuja. Kama una bima, nenda na jina la huduma lilivyoandikwa na daktari, uulize kabla kama imo kwenye kitita chako. Hesabu na safari. Mtoto akitoka Nzuguni kwa daladala mbili juani, dakika 15 za kwanza za kikao ni za kumtuliza. Chagua saa za asubuhi. Na kama mtaalamu unayemwamini yuko Dar, treni ya SGR imerahisisha: tathmini ya kina mara moja kila miezi mitatu huko, kazi ya kila siku hapa.

MamaK_Nzuguni

Asanteni sana. Masikio hayajapimwa, tunaanza na hilo. Lakini sehemu ile walituambia tuache Kigogo kwanza maana lugha mbili zinamchanganya. Na huyo mtaalamu wa mbali, nimpelekee nini ili asije akaona mtoto aliyekasirishwa na safari tu?

TibaUsemi_Kati

Kigogo msiache. Lugha mbili hazisababishi hali hii, na bibi akikatazwa Kigogo atabaki kuongea naye nusu nusu, wakati ndiye anayeshinda naye. Maneno yahesabiwe ya lugha zote mbili: anayejua "maji" kwa Kigogo tu, anayajua maji.

Za kupeleka: video mbili za dakika 3 kila moja. Moja akila na bibi, moja akicheza na wewe. Simu iegemezwe kwenye kitu, ionyeshe uso na mikono yake, redio izimwe. Usimwambie "mwonyeshe daktari unavyosema". Tunataka kumwona anavyoomba pale asipoombwa aombe.