Mjadala: Sadaka ya jengo ikatwe ili kanisa liwe na ghala la dharura?

Mshirika, Umoja

Bwana asifiwe wapendwa. Naleta jambo lililoigawa kamati ya kanisa letu hapa Nairobi, na najua si kwetu peke yetu. Tuna mfuko wa jengo. Ghorofa ya pili tumeichangia miaka mingi, kwa bahasha, kwa harambee, kwa mnada wa kuku na ndizi baada ya ibada. Pendekezo lililo mezani ni hili: sehemu moja ya kumi ya kila shilingi inayoingia mfuko huo iwekwe kando kwa ajili ya dharura. Inunue chakula, matangi ya maji, na ibaki akiba ya fedha kwa kila jumuiya, yaani kila kikundi cha washirika wanaoishi jirani. Wengine wanasema huko ni kuhamisha sadaka ambayo mtu aliitoa kwa Mungu kwa kazi nyingine. Mimi naliunga mkono pendekezo, na nitasema sababu kabla hamjanijibu.

Kumbukeni 2020. Mgonjwa wa kwanza wa korona alitangazwa Machi 13. Mwezi haukuisha kabla makanisa hayajafungwa na kafyu kuwekwa kuanzia saa moja jioni. Aprili 6 Nairobi yote ikafungiwa, hakuna kutoka wala kuingia. Vibarua wa mjengo, kina mama wanaofua nguo za watu, wauzaji wa soko la Gikomba, wote walikosa kazi kwa mpigo mmoja. Waliitazama nani? Kanisa. Na kanisa lilikuwa na nini? Sadaka yetu huingia Jumapili. Jumapili zilipokosekana, hata mshahara wa mlinzi ulikuwa wa kutafutwa. Tulikuwa na nondo na saruji kwenye stoo, lakini hatukuwa na gunia moja la maharagwe. Makanisa yalipofunguliwa Julai, watu 100 kwa ibada ya saa moja, kuna washirika walikuwa wameshahamia ushago, kijijini kwao, kwa sababu ya njaa na kodi.

Halafu ikaja 2024. Februari gesi ililipuka Embakasi. Aprili mito ikafurika, maji yakaingia nyumba za Mathare na Mukuru watu wakiwa wamelala. Mei matingatinga yakafuata, yakabomoa nyumba zilizokuwa ndani ya mita 30 kutoka mtoni, na serikali ikaahidi shilingi 10,000 kwa familia. Tulifungua milango ya kanisa, na hapo tulifanya vyema. Lakini blanketi tulianza kuzitafuta mvua ikiwa inanyesha, na maji ya kunywa tuliyanunua kwa bei ya siku hiyo, ambayo mnaijua.

Yusufu alimshauri Farao aweke sehemu ya tano katika miaka ya shibe. Sisi tunaomba moja ya kumi ya mfuko mmoja tu. Ghorofa inaweza kusubiri mwaka zaidi. Mtoto mwenye njaa hawezi.

Mzee wa kanisa, Buruburu

Dada, nakuheshimu na maneno yako yana uzito, lakini nakupinga kwa mambo mawili.

La kwanza ni uaminifu. Mjane aliyeandika "jengo" kwenye bahasha alimaanisha jengo. Kamati ikianza kubadilisha makusudi ya sadaka kwa sababu nzuri, kesho itabadilisha kwa sababu mbaya. Nimekaa kwenye kamati za kanisa muda mrefu, na fedha nyingi zilizopotea hazikuibwa na mwizi. Zilihamishwa kidogo kidogo, kila mara kwa jambo la dharura.

La pili, kujitegemea ni kazi ya nyumba. Mithali inamtuma mvivu kwa mdudu chungu, haimtumi kwa kamati. Mkiwaambia watu kuna ghala, nani ataweka akiba yake? Tulikuwa na sanduku la msaada miaka ya nyuma, na majina yaliyokuwa yakirudi ni yale yale. Mafundisho ndiyo kazi yetu: tuwafundishe watu kununua gunia kwa pamoja, kuweka akiba kwenye chama, kuacha mikopo ya simu. Hapo kanisa litakuwa limejenga watu, na jengo nalo litaendelea.

Mpangaji, Mukuru kwa Njenga

Mzee, shikamoo. Nisome kwa upole.

Mafundisho ya akiba tumeyasikia. Chumba changu ni futi kumi kwa kumi, tunaishi watano. Gunia la kilo 90 nitaliweka wapi, juu ya kitanda? Nikilipwa jioni nanunua unga wa jioni, mafuta ya kupimiwa, sukuma ya ishirini. Najua nikipiga hesabu kwa kilo nalipa zaidi ya wewe unayenunua pakiti nzima pale supamaketi. Si kwamba sioni. Pesa ya pakiti nzima na ya kesho haiji siku moja.

Na hata nikiweka, ikiwa moto au maji yamekuja kwangu, yamekuja na akiba yangu. Usiku wa mafuriko watu waliokuwa na magunia na wasiokuwa nayo walitoka mikono mitupu sawasawa. Chakula cha kukusaidia siku hiyo ni kile kilichokuwa mahali pengine, kwa mtu anayekujua. Kwa hiyo namuunga mkono dada: akiba ya mtu wa mabati lazima iwe ya pamoja, la sivyo haipo.

Muumini, Mountain View

Naomba nichangie kutoka nje kidogo. Mimi ni wa Kanisa la Yesu Kristo la Watakatifu wa Siku za Mwisho. Kwetu jambo hili si geni. Mpango wa ustawi wa kanisa ulianza 1936 kule Utah, Marekani, wakati wa mdororo mkuu wa uchumi, watu wengi wakiwa hawana kazi. Mpaka leo tunafundishwa kila familia iweke polepole chakula cha miezi mitatu cha aina wanayokula kila siku, maji ya kunywa, na fedha kidogo. Tunaonywa pia tusikope ili kujaza stoo.

Lakini Mzee na ndugu wa Mukuru, hilo ni nusu tu. Nusu ya pili ni mfungo. Kwa kawaida Jumapili ya kwanza ya mwezi tunaacha milo miwili, na thamani ya milo hiyo, au zaidi, tunaitoa kwa ajili ya wenye shida. Askofu wa kata, yaani kiongozi wa kusanyiko la mtaa, ambaye halipwi mshahara, huitumia kwa chakula, kodi au dawa, na anayesaidiwa huombwa afanye kazi anayoiweza. Maghala makubwa ya kanisa yako zaidi Marekani. Hapa Nairobi huwezi kuinakili Utah yenye nyumba zenye vyumba vya chini. Mimi mwenyewe miezi mitatu sijaifikisha. Nilianza na wiki moja: ndengu, mchele, chumvi, na mitungi ya maji chini ya meza.

Ninachotaka kusema ni kwamba mfungo haukugusa sadaka nyingine yoyote. Ulikuja na jina lake tangu mwanzo. Pengine hapo wewe na Mzee mnaweza kukutana.

Muuza nafaka, Nyamakima

Wapendwa mnazungumza ghala kama kwamba mahindi yakishaingia ndani yametulia. Nafaka ni kitu hai. Msikilize mtu anayeishi nayo.

Mahindi yakiwa na unyevu zaidi ya asilimia 13.5 yatashika ukungu, na ukungu huleta sumukuvu. Mwaka 2004 kule Makueni na Kitui watu 317 waliugua, 125 wakafa, kwa mahindi ya nyumbani yaliyohifadhiwa na unyevu. Sumu hiyo haitoki kwa kuchemsha. Kanisa likigawa ugali wenye sumukuvu litakuwa limeua watu wake kwa wema.

Kama hamna mashine ya kupima unyevu, chukueni chupa kavu, tieni mahindi na chumvi kavu, mtikise dakika chache, muache yatulie. Chumvi ikigandamana kwenye chupa, hayo mahindi bado mabichi, yarudisheni juani. Yakikauka yafungeni kwenye magunia yasiyopitisha hewa. Dumuzi wakimaliza hewa iliyomo ndani wanakufa bila dawa yoyote. Yapangeni juu ya mbao, mbali na ukuta. Na nunueni baada ya mavuno ya Bonde la Ufa, kuanzia Novemba. Anayenunua Juni ananunua shida.

Ushauri wangu hasa: msianze na mahindi. Anzeni na maharagwe, ndengu na mchele, kiasi kidogo, mkizungushe. Kilichoingia kwanza kitoke kwanza, kipikwe kwa mikutano ya kanisa au kiuzwe kwa washirika kwa bei mliyonunulia, kisha mjaze tena. Ghala lisilozunguka ni shamba la panya.

Nesi, Embakasi

Naona chakula, chakula, chakula. Usiku ule wa Februari 1, 2024 gesi ilipolipuka pale eneo la Mradi, hakuna aliyehitaji unga. Watu walihitaji kujua nani yuko wapi, nani ana gari, na mtu aliyeungua afanyiwe nini kabla hajafika hospitali. Wengi bado wanapaka dawa ya meno au mafuta kwenye kidonda cha moto. Maji safi yanayotiririka, dakika 20, ndiyo huduma ya kwanza. Ukisikia harufu ya gesi usiwashe stima wala usiizime, fungua milango, toeni watoto. Nambari ya Msalaba Mwekundu ni 1199, na ni ya bure.

Haya hayagharimu mfuko wa jengo hata senti. Kila jumuiya iwe na orodha iliyoandikwa kwenye karatasi, kwa sababu simu huzima chaji. Agosti 2023 stima ilipopotea karibu nchi nzima, tuliona. Waandikwe wazee wanaoishi peke yao, wenye kisukari, wajawazito, mtoto mwenye pumu. Kanisa linajua haya kuliko ofisi yoyote ya serikali. Halijayaandika tu.

Kijana wa kwaya, Kayole

Swali moja: fedha hizo zitatangazwa? Novemba 2024, Anyolo, Askofu Mkuu wa Katoliki wa Nairobi, alirudisha pesa ambazo Rais Ruto alikuwa ametoa katika kanisa la Soweto hapa kwetu. Wengi wetu tulishangilia. Mfuko wa dharura usio na hesabu ukutani utakuwa mlango mpya wa wanasiasa, kwa sababu nani atakataa pesa ya "wahanga wa mafuriko"?

Shemasi, Kasarani

Nami naogopa lugha. Baada ya Shakahola 2023, ambako waumini waliambiwa wafunge hadi kufa, miili zaidi ya 400, mahubiri yoyote ya "jiandaeni, mambo mabaya yanakuja" yanapaswa kupimwa. Mtu mwenye hofu ni rahisi kuongozwa vibaya. Tujiandae kwa mvua na moto ambavyo tumeviona, tusiuze mwisho wa dunia.

Mshirika, Umoja

Nimewasoma wote. Nashukuru kwamba hakuna aliyemtukana mwenzake.

Shemasi, naliandika neno lako. Pendekezo litataja mafuriko, moto, ukosefu wa maji na ukosefu wa kazi. Halitataja unabii.

Mzee, kuhusu bahasha umenishinda nusu. Fedha zilizokwisha kutolewa kwa jengo zisiguswe. Ndugu wa Mountain View amenionyesha njia: sadaka mpya yenye jina lake, bahasha ya rangi yake, Jumapili moja kwa mwezi. Lakini nusu ya pili sikuachii. Kamati isimamishe michango mipya ya jengo kwa miezi sita ili bahasha hii mpya ipate nafasi, kwa sababu mshirika hana mifuko miwili ya suruali ya kutoa. Na kama tukijenga, tujenge kwanza matangi, choo cha ziada na bafu, ambavyo mtu aliyefurikiwa atavitumia. Familia ya watu watano kwa siku tatu inahitaji lita 45 za kunywa peke yake, tukihesabu lita tatu kwa kila mtu. Walale watu mia moja kanisani siku hizo tatu, ni lita 900. Hivi sasa tangi letu hutoa maji siku ambazo mgao umetufikia.

Kuhusu majina yale yale yanayorudi, Mzee, hao ndio mimi na wewe tunaowajua. Mmoja alikuwa mjane anayelea wajukuu wanne. Angeacha kurudi vipi? Kujitegemea unakokutetea kunahitaji mtu awe na kitu cha kuanzia, na ndugu wa Mukuru ameeleza vizuri kuliko ningeweza. Jumuiya ya nyumba kumi na tano ikinunua maharagwe kwa gunia na kugawana kwa bei ya gunia, hapo watu wanajitegemea. Hawaombi.

Mzee wa kanisa, Buruburu

Bahasha mpya naikubali. Miezi sita ni mingi, tuseme mitatu. Hesabu zibandikwe ukutani kila mwezi kama kijana alivyosema, na mhasibu asiwe wa ukoo wa mchungaji wala wangu.

Limebaki moja ambalo hamjaligusa. Akija asiye mshirika? Paulo anasema tuwatendee watu wote mema, hasa jamaa ya waaminio. Hiyo "hasa" mtaipimaje saa nane usiku, watu mia mbili langoni na magunia sita ndani?

Mshirika, Umoja

Siku tatu za kwanza, kila aliye langoni, bila kuulizwa kanisa wala kabila. Maji, uji, mahali pakavu. Baada ya hapo jumuiya zishughulikie watu wao, na wengine tuwaunganishe na Msalaba Mwekundu na chifu. Hivyo ndivyo nitakavyoandika. Najua kamati itagombana hapo kuliko pengine pote.

Mpangaji, Mukuru kwa Njenga

Andika na hili. Msiweke kila kitu kwenye jengo kuu. Mvua ikizidi, daraja letu halipitiki, na ghala la ng'ambo ni kama halipo. Magunia mawili na mtungi wa dawa ya maji vikae upande wetu, kwenye nyumba iliyo juu, na funguo wawe nazo watu wawili wasiokaa ploti moja.