MREJESHO: Kutoka maabara hadi kemia ya nadharia, nimepata nafasi ya uzamivu

Wakuu, salaam. Mwaka jana niliuliza: mtu mwenye uzamili wa kemia aliyezoea maabara anaingiaje kwenye kemia ya nadharia, hasa dainamiki ya kwantamu (kukokotoa jinsi atomi zinavyosogea kama mawimbi), akiwa na laptopu tu?

Ushauri uliozaa matunda ni wa yule mkuu aliyesema niandike programu yangu kabla ya kumwandikia profesa yeyote. Nilitumia Python kusogeza wimbi la atomi hatua kwa hatua za muda: unalisogeza nusu hatua kwa nishati tuli, unaligeuza kwa Fourier (hesabu ya kutoka mahali kwenda kasi), unalisogeza hatua nzima kwa nishati mwendo, unaligeuza kurudi, kisha unamalizia nusu iliyobaki ya nishati tuli. Jumla ya uwezekano wa kuikuta atomi mahali popote isipobaki 1 muda wote, ujue kuna kosa. Kwenye usaili profesa mmoja wa Ujerumani alinihoji karibu hilo tu, na amenichukua.

Kilichokwama ni molekuli ya atomi 4. Atomi 3 zina vipimo 3 vya ndani (urefu na pembe kati ya atomi); ukiweka pointi 30 za kukokotolea kwa kila kimoja ni 27,000. Atomi 4 zina vipimo 6, yaani pointi 729,000,000. RAM ya GB 8 haifui dafu. Ndiyo maana mlinielekeza kwenye MCTDH, mbinu ya kupunguza ukubwa wa hesabu hizi iliyotoka Heidelberg, Ujerumani, mwaka 1990. Bado naisoma, na ni ngumu kweli. Ombi la ufadhili nalo lilikataliwa, hivyo nitalipwa kupitia mradi wa profesa.

Asanteni sana wote. Dada uliyenipitishia barua ya maombi mstari kwa mstari, Mungu akubariki. Anayetaka ile programu aseme, nitamtumia.