MJADALA: Vifaa vya kuomba msaada ziwani, kodi yake (code, maandishi ya programu) iwe wazi au tununue vya kampuni?

Fundi_Mwaloni
Wakuu mwangaluka. Tuseme halmashauri za kando ya ziwa zinaamua kununua vifaa vya kuomba msaada kwa mitumbwi, yaani kitufe, GPS na laini ya simu au redio ya LoRa (ya masafa marefu, inakula umeme kidogo). Msimamo wangu ni kwamba hela ya umma isinunue kifaa ambacho kodi yake imefungwa. Iwe FreeRTOS, iwe Zephyr, iwe RIOT, iwe NuttX, yaani mifumo huria (ya kodi wazi) ya kuendesha vifaa vidogo inayoitwa RTOS, ilimradi mtu wa hapa Mwanza anaweza kuifungua, akaisoma, akarekebisha. Nina jamaa wa vizimba vya sato alinunua sensa za kupima oksijeni ya maji kwa kampuni moja ya nje, kampuni ikafunga seva zake, sensa zikabaki zinawaka taa ya kijani bila kutuma kitu. Bodi nzima, betri nzima, hakuna aliyeweza kuingia ndani. Na tafadhali isiwe kodi ya loop(), mzunguko mmoja unaorudia kila kitu kwa zamu, ya bodi za kujifunzia za Arduino wanayoandika vijana wetu wengi, kifaa cha kuokoa mtu siyo taa ya kuwakawaka mezani. Karibuni.

Nyegezi_Juu
Mkuu ulikuwa unaenda vizuri mpaka hapo mwisho ulipotutukana. Mi nafundisha vijana kwa chipu ya ESP32 na Arduino, bodi wananunua kwa kuchangishana, na hao unaowaita wa taa za mezani ndo hao hao watatengeneza hicho kifaa chako. Kwa taarifa yako Arduino ya ESP32 inakaa juu ya FreeRTOS, ile loop() yenyewe ni taski (kazi) moja ndani yake, ukiandika delay() ya kusubiri, kule chini inaitwa vTaskDelay ya FreeRTOS. Unachokidharau ndicho unachokipigia debe.

Fundi_Mwaloni
Kaka sijamtukana mtu. Ila kukaa juu ya FreeRTOS na kuitumia ni vitu viwili. Kodi nyingi ninazoletewa kurekebisha ziko hivi: kila kitu kwenye loop moja, modemu inaambiwa tuma meseji halafu programu inakaa inasubiri jibu, mtandao ukiwa hafifu kule nyuma ya Ukara inasubiri weee, na muda wote huo mtu anabonyeza kitufe hakuna anayemsikia. Ukigawa taski, kitufe unakipa kipaumbele cha juu, kinamkatiza anayesubiri modemu hapo hapo, ombi linaingia foleni na GPS inaendelea kusoma. RTOS haikuahidi spidi, inakuahidi kwamba jambo la haraka litahudumiwa ndani ya muda unaoujua kabla.

Nyegezi_Juu
Kitufe unawekea intarapti (ishara inayoikatiza programu), basi. Mwanafunzi anayeanza analijua hilo. Acha kutisha watu.

sengerema_dev
Intarapti inakwambia tu kwamba kimebonyezwa kaka. Nani atatuma sasa kama loop bado imeng'ang'ania modemu?

Nyegezi_Juu
Unaandika modemu isiyong'ang'ania! Kwani lazima usubiri? Hii tabia ya watu wa mjini kuona kila anayefundishwa huku hajui kitu imenichosha, njoo darasani uone vijana wanavyoandika.

Capripoint_Mkuu
Mnabishania loop wakati swali ni nani anabeba dhamana mtu akifa. VxWorks ni RTOS ya kulipia, ila imekwenda mpaka Mars na kuna kampuni ya kuipigia simu. FreeRTOS ilikuwa ya jamaa mmoja sasa iko kwa Amazon, kesho wakichoka je? Si Arm, kampuni ya kubuni chipu, wenyewe walitangaza 2024 kwamba Mbed, mfumo wao huria, mwisho wake Julai 2026? Na 2020 yalitoka mapungufu 33 ya usalama kwenye programu za mtandao za huria, ile uIP iliyotoka kwa watu wa Contiki (mfumo mwingine huria) ikiwemo. Huria maana yake kila mtu anaisoma, mwizi naye yumo.

sengerema_dev
Mkuu hiyo Mars ni mfano mbaya kwako. Pathfinder, chombo kilichotua Mars 1997, ilikuwa na hiyo hiyo VxWorks, na kompyuta ikawa inajiwasha upya yenyewe huko huko. Taski ya chini imeshika kufuli, taski ya juu inaisubiri, za katikati zinapita zinakula muda, ya juu inachelewa, mfumo unajizima. Walipona kwa sababu walikuwa na bodi pacha huku duniani, wakalirudia tatizo mpaka wakalishika, wakatuma rekebisho la kurithisha kipaumbele, yaani aliyeshika kufuli anaazimwa kipaumbele cha anayemsubiri. Sisi na boksi lililofungwa tutarudia tatizo kwenye nini? FreeRTOS aliianza Richard Barry 2003, Amazon wakaichukua 2017, laiseni ni MIT, hata wakiondoka kesho nakala uliyonayo hawakunyang'anyi. Na hayo 33 ni kweli, lakini mwaka huo huo 2020 yalitoka 19 kwenye programu ya Treck, ya kulipia kabisa, na ilikuwa imejificha kwenye vifaa ambavyo wenye navyo hawakujua kama imo.

Mama_Igombe
Wanangu habari zenu. Nina mitumbwi ya dagaa na nimesoma yote, sijaona aliyeuliza kama vijana wangu watakiwasha hicho kifaa. Mvuvi haonyeshi mtu anakotega. Kikituma GPS usiku kucha nani anaiona? Jirani? Mwenye kampuni? Watakizima wakifika tu maji marefu, na dhoruba ikija kimezimwa.

Capripoint_Mkuu
Anayeogopa kuonekana ana kokoro au timba, nyavu haramu, kwenye mtumbwi.

Mama_Igombe
Mwanangu mimi nimezika vijana wa huu mwalo waliokuwa na nyavu halali. Usiniletee kokoro hapa. Mtu akipata sehemu yenye dagaa usiku wa giza, hiyo ndiyo ada ya watoto wake, anaificha kama wewe unavyoficha namba ya siri ya benki.

Fundi_Mwaloni
Shikamoo mama. Capripoint hiyo kauli siyo ya kumwambia mama. Mama ndo maana napigania kodi wazi, tunaandika kifaa kinyamaze mpaka kitufe kibonyezwe, na kila mtu anathibitisha kwamba kinanyamaza kweli.

Nyegezi_Juu
Anathibitisha vipi? Kodi iliyoko Github (tovuti ya kuwekea kodi wazi) na iliyochomwa kwenye chipu unajuaje ni ile ile? Mpaka mchakato wa kuitengeneza urudiwe hapa na utoke na faili lile lile, na apdeti zisainiwe kidijitali kuonyesha zimetoka kwa nani, na huo ufunguo wa kusaini awe nao nani? Halmashauri? Hapo Zephyr au FreeRTOS haikusaidii. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ipo tangu 2022, mjadala uanzie kwa mtunza taarifa.

Capripoint_Mkuu
Sasa mnakubaliana na mimi kwamba lazima awepo wa kuwajibika.

sengerema_dev
Wa kuwajibika ndiyo, ila mkataba useme kodi tunabaki nayo.

Mama_Igombe
Mimi sisomi kodi. Kifaa kinyamaze mpaka kibonyezwe, sawa, hicho nitakinunua hata kwa hela yangu. Ila kitufe kibonyezeke na mkono wenye maji na mafuta ya injini, na boksi lielee.

sengerema_dev
Mama shikamoo, kuelea kuna tatizo. Boksi likielea antena iko usawa wa maji, kila wimbi linaifunika, simu na LoRa zote umbali unapungua sana. Mi nilikuwa nafikiria antena tuifunge kwenye mti juu, hapo zinapofungwa taa.

Mama_Igombe
Mtumbwi ukipinduka huo mti utakuwa wapi mwanangu?